Gia Moja na Kata ya Maji

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, zamani ya juzijuzi tu, barabara ya Mningani ikiwa bado mchanga mtupu, palikuwa na baiskeli moja ya chuma. Kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Mwishoni nitawauliza swali, na atakayejibu upesi upesi nitajua hakunisikiliza.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya Shigela, mchuuzi wa asali. Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya zile za gia nyingi, na fremu yake nzito ya chuma cha zamani ukiigonga kwa spana inalia kama kengele ya shule. Mbele ilikuwa na sahani tatu za meno, nyuma sahani sita. Shigela aliipenda kupita kiasi. Ila porini kwetu nyasi na miiba havijali mapenzi ya mtu. Kila alipopita, nyasi zilijisokota kwenye kile kidude cha nyuma kinachoning'inia, kinachovusha cheni kutoka sahani moja kwenda nyingine. Kidude kikapinda. Cheni ikaanza kuruka. Siku moja iliruka katikati ya mchanga, baiskeli ikalala chali, na ndoo mbili za asali zikawa karamu ya siafu.

Shigela akaikokota hadi kwa Mlekwa.

Mlekwa alikuwa fundi baiskeli wa Mningani, naye alikuwa peke yake, kwa hiyo hata akikukera ulirudi kwake. Akaigeuza baiskeli juu chini, akaizungusha, akatikisa kichwa.

"Vipuri vya kitu hiki havipatikani, Shigela. Hata mjini usijisumbue. Lakini fremu ni nzima, itatuzika sisi sote. Niziondoe gia zote nikuachie moja?"

"Moja itatosha?"

"Itatosha, ila lazima uchague. Gia ya mlimani ni nyepesi, unapanda nayo popote, lakini kwenye tambarare utachezesha miguu kama unashona kwa cherehani na husogei. Gia ya tambarare ni nzito, inakimbia, lakini mlimani utashuka usukume. Barabara yako ni ipi?"

Lazima mjue jambo moja hapa. Njia ya kwenda sokoni ilikuwa tambarare tupu. Mlima ulikuwa mmoja tu, mlima wa Nsenga, mwisho wa njia ya upande wa pili, na juu yake palikuwa na zahanati.

Shigela akacheka. "Mlimani nikafuate nini, fundi? Mimi ni mzima wa afya. Niwekee ya tambarare."

Mlekwa akafanya kazi, na ilikuwa kazi safi, tusimnyime sifa yake. Aliondoa kile kidude kilichopinda, akaondoa waya zake na vishikizo vyake vya kwenye usukani. Akazifungua zile sahani sita za nyuma, akabakiza moja ndogo, na mbele akaacha moja. Pale zilipokuwa nyingine akajaza vipande vya bomba alivyovikata kwa msumeno, ili sahani iliyobaki ikae sawasawa na ya mbele. Akakata cheni iliyozidi. Akalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikakaza, akafunga nati, akazungusha pedeli kwa mkono. Hakuna mlio wowote uliosikika.

Kulikuwa na jambo alilolijua na hakulisema. Angeweza kuacha sahani mbili nyuma, ndogo na kubwa, na cheni ndefu kidogo. Mtu akifika chini ya mlima analegeza nati, anaihamishia cheni kwenye sahani kubwa kwa mkono, anakaza, anapanda. Mlekwa alilijua hilo tangu alipoishika baiskeli. Lakini ile sahani kubwa ilikuwa nzima, meno yake makali, na fundi aliitamani. Na desturi ya kibanda cha fundi Mningani ni kwamba chuma kinachotolewa kwenye baiskeli hubaki kwa fundi, na mwenye baiskeli haulizi. Shigela hakuuliza. Sahani ikaingia kwenye debe la vyuma.

Miezi minne ikapita. Baiskeli ya Shigela ikawa inafika sokoni kabla ya zote, na Shigela akawa hasemeki kwa majivuno.

Sasa nawatajia Kalunde. Kalunde alikuwa binti wa pekee wa Nyamizi, mjane mfinyanzi. Alikuwa amechumbiwa na Lugembe, kijana mwenye miguu ya nguvu kuliko wote kijijini, na zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya harusi. Mvua za kwanza zilinyesha, Kalunde akaenda porini kuokota uyoga. Chini ya majani palikuwa na nyoka.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, kikapu kikiwa bado mkononi. "Mama," alisema, "nimegongwa."

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Baiskeli zote zilikuwa zimekwenda isipokuwa ya Shigela, kwa kuwa yeye alikuwa nyumbani akichuja asali. Hakungoja kuombwa. Alikuja nayo mbio, akaijaza upepo mwenyewe. Mbele ya kibanda chake, jirani na kwa Nyamizi, Mlekwa akapiga magoti akakaza nati zote. Lugembe akapanda, Kalunde akakaa nyuma kwenye keria, akamshika kiunoni. Nyamizi akawafuata kwa miguu, akikimbia, na muda si muda hakuwaona tena.

Kwenye tambarare baiskeli ilikimbia vibaya mno. Njia ya saa nzima waliimaliza kwa nusu saa. Wakafika chini ya Nsenga.

Wabeba asali wa Mningani wana aibu moja. Mwanamume akishuka kwenye baiskeli mlimani, na mzigo uko nyuma, atatungiwa wimbo, na wimbo huo utaimbwa mpaka azeeke. Lugembe hakuwa ameshuka hata siku moja. Akasimama juu ya pedeli, akakanyaga. Baiskeli ikapanda hatua ishirini, ikasimama, ikarudi nyuma.

"Shuka, Lugembe, tutembee," Kalunde akasema.

"Kaa."

Akarudi chini akachukua kasi. Baiskeli ikapanda hatua thelathini, ikasimama, ikarudi nyuma.

"Shuka, Lugembe, tutembee."

"Kaa, nimesema. Sasa hivi tunapanda."

Akarudi chini zaidi, akachukua kasi kubwa zaidi. Baiskeli ikapanda hatua thelathini na tano, ikasimama, ikarudi nyuma.

"Shuka, Lugembe," Kalunde akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa nzito, ulimi umeanza kuvimba.

Ndipo Lugembe akashuka. Akasukuma baiskeli mlima mzima, Kalunde akiwa ameinamia tandiko, na alipofika mlangoni pa zahanati alimbeba akamwingiza ndani. Mwuguzi akamlaza, akamshika shingoni, akamfungua macho kwa vidole.

"Dawa ninayo," akasema. "Hii hapa. Mmechelewa kidogo tu."

Alimchoma sindano hata hivyo. Kalunde hakuamka.

Walipotoka makaburini maneno yakaanza. Watu walipomtazama Shigela, Shigela akasema, "Si mimi. Mimi nilitoa baiskeli yangu bila kuombwa. Mwulizeni fundi aliyeitengeneza." Walipomtazama Mlekwa, Mlekwa akasema, "Si mimi. Fundi anafanya anachoambiwa. Mwulizeni aliyeiendesha." Walipomtazama Lugembe, Lugembe akasema, "Si mimi. Nilisukuma mpaka nikatapika. Mwulizeni mwenye baiskeli aliyechagua gia." Ikawa hivyo siku ya kwanza, ikawa hivyo siku ya pili, na siku ya sita bado ilikuwa hivyo. Nawaambia kweli, kila ninapofika hapa huwa nawachukia wote watatu.

Siku ya saba ilikuwa ya kuanua matanga.

Mningani, kifo kikipitia mikononi mwa watu, matanga hayaanuliwi hivihivi. Mfiwa huwekewa maji kwenye chungu, na juu ya chungu kata ya kibuyu. Mwenye kosa huja mbele ya watu, hulisema kosa lake kwa kinywa chake, kisha hupewa kata akamnawisha mfiwa mikono. Mfiwa akishanawa, kosa lile halitajwi tena. Halitajwi kwenye pombe wala kwenye ugomvi, na watoto wa mkosaji hawaambiwi. Lakini mfiwa hunawa mara moja tu, na anayemnawisha ni mmoja. Kama wapo wengine wenye makosa, hurudi nayo nyumbani na kuishi nayo mpaka wafe. Na mfiwa asiponawishwa haondoki mkekani.

Nyamizi aliketi mkekani, mikono mapajani. "Sitafuti mtu wa kumpiga," akasema. "Nataka kuinuka. Siku saba sijashika udongo wala unga. Aje mmoja."

Kila mtu alidhani hatatokea mtu. Kisha Shigela akainuka, na Mlekwa akainuka, na Lugembe akainuka, wote kwa pamoja, wakaangaliana kwa mshangao.

Shigela akatangulia. "Nipe kata mimi, mama. Mimi niliulizwa. Fundi aliniuliza barabara yangu ni ipi, nikajibu kama mtu anayeishi peke yake duniani. Nilijua zahanati iko mlimani. Nilijua hapa kwetu mgonjwa anapelekwa kwa baiskeli, na leo ni yangu, kesho ni ya jirani. Nikacheka. Huyu kijana alikosea akiwa na hofu. Mimi nilikosea nikiwa nimeshiba na nimetulia. Wewe ukininyima kata nitakaa na kicheko kile peke yangu."

Mlekwa akatoa kitu kwenye mfuko wa kaptula, akakiweka mkekani mbele ya mama. Ilikuwa ile sahani kubwa ya meno.

"Nipe kata mimi, mama. Shigela alifikiri ni lazima achague, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni lazima achague. Nilimdanganya. Hii ingekaa pale pale nyuma pamoja na ile ndogo, na chini ya mlima Lugembe angehamisha cheni kwa mkono akapanda. Kazi ya dakika tano. Nilinyamaza kwa kuwa niliitamani, na desturi inaniruhusu, hakuna wa kunishika. Na sijaitumia, mama. Siku ile nakaza nati, Kalunde anangoja kupanda, ilikuwa kwenye debe, hatua tatu kutoka nilipopiga magoti."

Lugembe akaja wa mwisho. Hakumwangalia Nyamizi usoni, kwa kuwa mkwe haruhusiwi.

"Nipe kata mimi. Nikiwa mkwe wako nisingeweza hata kuusogelea mkeka huu. Lakini mimi si mkwe tena, ni mtu baki. Hawa wanazungumza habari za baiskeli. Baiskeli isiyopanda inasukumwa, hata mtoto anajua. Kalunde aliniambia shuka. Aliniambia mara tatu. Ningeshuka mara ya kwanza tungewahi. Nilimcheleweshea dawa ili watu wasinitungie wimbo, na pale mlimani hapakuwa na mtu, mama. Barabara nzima ilikuwa tupu."

Hapo Nyamizi akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Waliokuwepo wakaanza kugombana. Mmoja akasema, "Shigela hana kosa. Kwa gia ya mlima, mpaka sasa wangekuwa bado mchangani. Ile gia ya mbio ndiyo iliyowafikisha Nsenga mapema." Mwingine akasema, "Mlekwa alichukua kilicho chake kwa desturi yetu sote. Tukimlaumu yeye, tujilaumu na sisi." Mwingine akasema, "Huyu kijana amefiwa kama mama alivyofiwa. Nani anamnawisha yeye?" Na bibi mmoja, shangazi yake Shigela, mkali kuliko pilipili, akasema, "Wiki nzima mlikuwa mnalikimbia, leo mnagombea! Mnagombea kosa au mnagombea kusamehewa?"

Kaka yake Nyamizi akataka kupatanisha. "Basi waishike kata wote watatu, yaishe."

"Hapana," Nyamizi akasema. "Wiki nzima wamekuwa wakigawana. Leo nataka mmoja."

Akaichukua kata mwenyewe, akateka maji mpaka yakajaa. Akainyoosha mbele, mpini ukiwaelekea wao. Kata ilikuwa imeinama, na maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo mkekani. Mbele yake ilinyooshwa mikono mitatu, mmoja una nta ya asali kwenye kucha, mmoja una grisi, mmoja umechubuka kwa kusukuma.

Mimi naishia hapo. Msiniambie apewe kila mmoja, kwani kata ni moja na mama ananawa mara moja. Msiniambie asipewe yeyote, kwani mama yuko mkekani na anataka kuinuka. Wala msikimbilie kuniambia nani ana kosa kubwa kuliko wote, kwa sababu huenda huyo ndiye anayeihitaji kata zaidi, na huenda ndiye asiyepaswa kuigusa. Mtazameni mama, maji yanaisha mkononi mwake.

Je, kati ya aliyechagua, na aliyenyamaza, na aliyekataa kushuka, nani alistahili kupewa kata?