Maharage Yasiyo na Jina

Sogeeni karibu. Mwenye wivu akae mbele kabisa, maana hadithi hii ni yake.

Mradi mmoja wa mbegu uliwakutanisha watu watatu wa nchi tatu. Nyamizi, wa hapa kwetu Tabora, alikuwa na maharage ya bibi yake. Ukame hauyawezi, ila kuyaivisha ni mzigo mzima wa kuni. Byaruhanga wa Uganda alijua kuchanganya mbegu mbili akapata ya tatu. Chikondi wa Malawi alikuwa na mkono wa baraka: akipanda konzi, anavuna debe.

Nyamizi alitoa maharage yake yote, hata ya akiba. "Myatunze," alisema, "sina mengine."

Byaruhanga akayachanganya na ya kwao yanayoiva upesi. Miaka minne! Akapata maharage yanayovumilia jua, na yanaiva kabla hujamaliza kusonga ugali. Lakini roho ya korosho, mh! Chikondi alipoomba mbegu, alijibiwa, "Ngoja kwanza." Byaruhanga aliogopa sifa zisije zikaenda Malawi. Akaficha mbegu yote, gunia zima, kwenye jiko la kituo cha mradi hapa Tabora, nyuma ya mchele. Wakaja wageni, mpishi akalikuta, akalipika lote. Wageni walijilamba vidole.

Kumbe Chikondi, kwa kijicho, alikuwa ameshaiba konzi moja mkekani yalipoanikwa, akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Yataitwa kwa jina langu," alijisemea. Akapanda kwao, akavuna, akapanda tena. Aliposikia gunia limeliwa, alilia. Kisha akaja Tabora na magunia kumi, akakiri wizi wake mbele yetu sote.

Sasa, kwetu mbegu mpya haipandwi mpaka ipewe jina la mtu mmoja, chungu cha kwanza kikiepuliwa. Anayelitamka ni mpishi. Mpishi ni mimi, yuleyule wa gunia.

"Mbegu ni ya bibi yangu," anasema Nyamizi.

"Bila mimi mngekuwa bado mnachochea kuni," anasema Byaruhanga.

"Na bila mwizi," anauliza Chikondi, "leo mngepanda nini?"

Nami nawaonea wivu wote watatu, maana mpishi nani atamkumbuka? Ghala la kijiji ni tupu tangu mwaka jana. Chungu nimeshakiepua, na matone ya kwanza ya mvua ya kupandia yanapiga mabati.

Haya, ninyi mlioshiba: nitamke jina la nani?