Nani Ampe Jina Mtoto wa Perusi

Sikilizeni, wenye magari na wenye miguu. Nianze na dhambi yangu, maana Mungu anaijua tayari.

Mwaka jana Zefania alinipa lifti kutoka mnadani. Gari lake ni lile jeusi kubwa, bodi limekalishwa juu ya chesisi kama lori, na kwenye mashimo linakupepeta kama mchele kwenye ungo. Nilishuka kiuno kinawaka moto. Akaniuliza, "Mzee Shemhilu, umelionaje?" Nikajibu, "Mwanangu, hili ni godoro." Nilidanganya kwa kuwa nilitaka lifti nyingine. Mimi, mzee wa kanisa! Tangu siku hiyo Zefania akawa anatembea na neno langu kama mtu aliyepewa cheti.

Sasa wajueni watu wenyewe. Zefania alijaliwa gari linalopita popote, na akili inayoishia kwenye bampa. Mdogo wake, Abiatha, alijaliwa gari jepesi, bodi na sakafu kitu kimoja: taksi iliyovaa viatu virefu. Kwenye lami linatulia kama maji ya mtungi. Kwenye tope, hata kuku analipita. Mama yao, Bibi Tabea, hakujaliwa gari. Alijaliwa mdomo.

Siku moja ya masika, mchana, uchungu ulimshika Perusi kabla ya siku zake, na damu ikaanza kutoka. Perusi ni mke wa Yonazi, kitinda mimba wa Bibi Tabea, ambaye yuko bandarini Tanga. Yonazi akapiga simu analia. "Atakayewafikisha hospitali wakiwa hai, yeye ndiye atakayempa mtoto jina. Mzee Shemhilu awe shahidi." Basi nikapanda mbele, Bibi Tabea akakaa nyuma, amempakata mkwe wake.

Zefania ndiye aliyetutoa kijijini. Msidhani ni huruma. Alikuwa ameshaanza kusema, "Zefania mdogo." Barabara yetu ilikuwa uji mtupu, na mto umefunika mawe ya kuvukia. Lile gari lilizama mpaka kwenye milango, likanguruma, likapanda ng'ambo. Lingekuwa gari jingine tungekuwa tunaongea na samaki. Lakini kila jiwe tulilolikanyaga, Perusi alilisikia tumboni. "Mungu wangu, nichukue," alikuwa anasema.

"Vumilia, shemeji," Zefania akasema. "Uko kwenye godoro. Au siyo, mzee?"

Nikatazama dirishani. Nikasema, "Ndiyo."

Naam, mara ya pili. Mnidharau tu, nimestahili.

Pale lami inapoanzia tulimkuta Abiatha ndani ya gari lake, anatafuna karanga. Naye msimsifu haraka. Alikaa pale akisubiri kaka yake akwame mtoni ili aje na kamera ya simu. Zefania alimpigia honi ya dharau, akapita. Abiatha akatufuata nyuma, anacheka.

Ninyi mnazijua kona za kuteremka kwetu. Kwenye ile ya kwanza gari kubwa liliyumba upande kama ng'ombe mgonjwa. Kwenye ya pili Perusi aliteleza, akagonga mlango. Damu ikazidi.

"Simama tumhamishie kwa mwenzako," Bibi Tabea akasema.

"Kwenye kigari cha kuendea saluni? Mama, mtoto wa ukoo wetu?"

"Mtoto wa ukoo anamwagika humu, mpumbavu wewe!"

"Mzee mwenyewe kasema hili ni godoro!"

Mbele yetu lori la mbao lilikuwa linakata kona taratibu. Zefania akasimama kulipisha. Bibi Tabea akapenyeza mkono katikati ya viti, akazima gari, akachomoa ufunguo, akautumbukiza kifuani. "Njoo uuchukue," akamwambia mwanawe. Nani angethubutu?

Tukamhamisha Perusi kwenye mvua. Abiatha, badala ya kufungua mlango, akalia, "Mama, viti vyangu vya kitambaa!" Bibi Tabea akavua kitenge chake cha juu, akakitandika. "Haya. Damu ikipita hapa, nitakufulia. Endesha, bwege."

Abiatha akaendesha, na kusema kweli aliendesha. Gari lilishika lami, kona zikaja na kupita, nisingejua kama nisingetazama nje. Perusi akaacha kulia, akasinzia begani kwa mkwewe. Tulipofika hospitali, daktari alimpokea mbiombio. Mtoto wa kiume akazaliwa, mzima. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo, tungewapoteza wote wawili. Na angeendelea kurushwarushwa, vilevile."

Basi, hata kitovu hakijakauka, ugomvi ukaanza palepale wodini.

"Bila mimi asingevuka mto," Zefania akasema. "Ataitwa Zefania."

"Uliwavusha mto ukataka kuwaulia kwenye kona," Abiatha akamjibu. "Ataitwa Abiatha."

"Lori lako lilikuwa machinjio, na wewe ulikuja kuchekea maiti," Bibi Tabea akawaambia kwa zamu. "Ufunguo niliutoa mimi. Ataitwa Kilua, jina la baba yangu."

"Mama, wewe uliendesha nini?" wakamuuliza kwa pamoja. Hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana.

Nikamuuliza Perusi. Akasema, "Gari la kwanza nililichukia, lakini ndilo lililovuka. La pili nililala, lakini lisingenifikia. Na mama, kama angekuwa na ufunguo tu bila magari yao, tungekaa kijijini tukiutazama."

Ubatizo ni Jumapili. Mtoto mpaka sasa anaitwa "Huyu." Mchungaji atanigeukia mimi shahidi, na mdomo wangu mnaujua ulivyosema mara mbili. Mmoja alikuwa na nguvu na majivuno, mmoja ulaini na husuda, mmoja busara na matusi. Mungu aliwatumia wote watatu, kama alivyowahi kumtumia punda kumwonya nabii.

Je, ninyi haki ya kumpa jina mngempa nani? Nawaomba mnijibu. Na msinijibu ili kunifurahisha.