Mashimo Saba ya Kifaru

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Sema wewe, sisi tu masikio.
Basi pakawa shimo. Mwenye mtoto na amsogeze karibu.

Hapo kale Kifaru alikuwa mfyatua matofali. Alichimba udongo kwa pembe yake, kwachu kwachu kwachu, akafyatua, akachoma, akauza. Udongo wa shimo moja ukiisha, alisogea hatua chache akachimba lingine. La nyuma aliliacha wazi, mvua ikalijaza. Akachimba, akaacha wazi. Akachimba, akaacha wazi. Yakawa mashimo saba, yote kando ya njia ya watoto ya kwenda mtoni.

Wanyama walimwambia, "Bwana Kifaru, fukia mashimo."

"Nifukie kwa udongo upi? Udongo ni matofali. Nyie chungeni watoto wenu."

Mtoto wa Swala akateleza, chubwi. Akavunjika mguu. Kifaru akaenda kutoa pole na kilo ya sukari. "Mipango ya Mungu," akasema. "Halafu watoto wa siku hizi watundu." Mtoto wa Ngedere akateleza, chubwi. Akatolewa hajitambui, na tangu hapo hakusema vizuri. Kifaru akaenda na kilo ya sukari. "Mipango ya Mungu. Watoto wa siku hizi watundu."

Mnaona alivyojua kumsingizia Mungu?

Siku moja Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wawili, alimtuma maji bintiye Zamoyoni. Zamoyoni hakuwa mtundu. Alikuwa mtoto wa kuambiwa nenda akaenda, rudi akarudi. Akateleza, chubwi. Siku hiyo hakurudi.

Kifaru alifika msibani na sukari, na safari hii akaongeza matofali ya kujengea kaburi, bure kabisa. "Kifaru ni mtu wa watu," wakasema waombolezaji, huku wanakunywa chai yake. Bi Nguchiro alikaa mkekani akiyatazama yale matofali. Udongo ule aliujua. Alikuwa ameutoa kwenye kucha za mwanawe alipokuwa akimwosha.

Alibaki na mwanawe Mbwana peke yake, na Mbwana sasa amefika umri wa kutumwa maji. Mpo?
Tupo.

Kifaru naye alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Sudi, asiyeruhusiwa kutoka nje ya ua. Arubaini ya Zamoyoni ilipopita, asubuhi moja Kifaru akiwa kazini, Bi Nguchiro alipita uani kwake. "Mwanangu Sudi, twende kwangu ukacheze na Mbwana. Nimepika uji." Akampitisha njia ya mlimani, mbali kweli, isiyo na shimo hata moja. Akawaacha watoto na mdogo wake awaangalie. Kisha akachukua kilo ya sukari, akamfuata Kifaru.

"Hodi."

"Karibu. Sukari ya nini, Bi Nguchiro?"

"Nimekuletea pole, kaka. Ni mipango ya Mungu. Watoto wa siku hizi watundu."

Pembe ya Kifaru ikaacha kuchimba. "Pole ya nani?"

"Kwani hujaambiwa? Sudi wako katoka tangu asubuhi. Ila shimo lenyewe silijui. Yako saba."

Kifaru akatimua mbio, ndi ndi ndi. Akajitupa shimo la kwanza, chubwi. "Sudi!" Kimya. Akajitupa la pili, chubwi. "Sudi!" Kimya. Hivyo hivyo mpaka la saba, refu kuliko yote, na humo tope likamshika. Akapanda, akateleza. Akapanda, akateleza. Nguvu zake zote zile, akateleza. Akalia kwa sauti kubwa.

Bi Nguchiro alichuchumaa ukingoni akamtazama. Tusidanganyane, alitamani amwache humo humo.

"Yu hai," akasema mwishowe. "Yuko kwangu anakunywa uji. Jua likipoa atarudi nyumbani, Mbwana atamsindikiza. Watapita hapa, kando ya mashimo yako. Ile ya mlimani ni mbali, peke yao hawataifuata."

"Mzuie, dada. Nakusihi."

"Nimzuie mimi? Chunga mtoto wako."

Kifaru akaubomoa ukingo kwa pembe, akatoka matope matupu. Akalisukuma tanuri zima la matofali shimoni, gubu gubu gubu. Shimo la kwanza likajaa. Akasukuma matofali mabichi, gubu gubu gubu. La pili likajaa, la tatu likajaa. Akasukuma marundo ya udongo mpaka yakabaki mashimo mawili tu. Akarudi mbio kwake, akavunja ukuta wa ua wake mwenyewe, akaubeba kipande kwa kipande. Jua lilipopoa, njia ilikuwa tambarare. Sudi na Mbwana wakapita wakikimbizana, hata chini hawakutazama.

Jioni ile ile majirani wakaja kumshukuru. "Ana huruma na watoto huyu. Katoa mali yake mwenyewe." Njia wakaipa jina la Kifaru. Jina la Zamoyoni hakulitaja mtu. Bi Nguchiro akamshika Mbwana mkono, wakaenda zao nyumbani kupika.

Nami naishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu mlinitaka wenyewe niseme.

Na funzo lake ni hili, lishikeni: uongo ni mbaya sana. Bi Nguchiro alidanganya mara moja tu, na tazameni hasara aliyoleta. Matofali yote ya watu yalipotea, na watoto wa njia ile wakakua wote. Angekuwa mkweli na mstaarabu kama sisi, tungemzika Mbwana pia.