Mtambuu wa Bi Mize

Tambuu ya uani haina mgeni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo fundi anayetaka kutuzibia baraza kwa ukuta, mkaanza kucheka. Mnacheka nini, na hamjui? Haya, kaeni vizuri, na wewe Zuwena acha kumfinya mwenzio. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kijijini kwetu Pemba palikuwa na mjane, Bi Mize Faki. Watoto wake wote walikuwa wamehamia bara. Marehemu mumewe alimwachia mtambuu uliotambaa kwenye nguzo ya baraza, kando ya njia. Mahali pabaya kabisa! Jua kali, mbuzi wanapita, na kila apitaye anasema, "Bi Mize, nipe tambuu," na kwetu jirani hanyimwi tambuu. Akishapewa, hukaa kutafuna, na habari za kijiji kizima humwagwa hapo. Majani yalichumwa hata kabla hayajapevuka.

Bi Mize akachoka. "Wanatafuna wao, mimi mwenyewe naambulia vikonyo!" Akakata vipande vya kupanda, mtambuu wenyewe akaung'oa. Mahali papya alipachagua kwa akili, siwezi kumsingizia: uani, nyuma ya jiko, penye kivuli, pasipokauka kwa maji ya kuoshea vyombo.

Basi mtambuu ukastawi, majani mapana kama kiganja cha mkulima. Na watu wakakoma kuja. Nani atapita ndani ya nyumba ya mtu mpaka uani, ati anataka jani? Bi Mize alifungua kijaluba chake, akapaka chokaa, akakunja tambuu, akatafuna peke yake. Siku nyingine jua lilizama hajatamka neno ila la kumfukuza kuku. Akaingiwa na huzuni, akadhani wamemsusa. Lakini kiburi nacho! Hakutaka kuuliza.

Mwisho yakamfika shingoni. Akamsimamisha njiani jirani yake, Bi Hidaya.

"Mwenzangu, nimewakosea nini? Hata hodi hampigi!"

"Hukutukosea kitu."

"Basi mbona hamji? Tambuu ninazo tele, zinanikaukia."

Bi Hidaya akatazama chini. "Mize, binti yangu kaolewa Tanga, nyumba imekuwa kimya. Mtu mzima atapigaje hodi aseme, nimekuja kwa sababu upweke unaniua? Nilikuwa nasema, nipe tambuu."

 Bi Mize alirudi nyumbani akalia, akalia kwelikweli. Kisha akakata tawi la mtambuu, akalichomeka pale pale kwenye nguzo ya baraza, juani. Likanyauka. Akalimwagilia maji, akalizungushia miiba mbuzi wasilile, akawa anakaa barazani akiliangalia. Majani yote yakapukutika, kikabaki kijiti kitupu.

Jioni moja Bi Hidaya alipita, akasimama.

"Hodi, Bi Mize. Naomba tambuu."

"We Hidaya, huoni hata jani halijachipua?"

"Naona," akasema Bi Hidaya. Akavua viatu, akapanda barazani, akakaa.

Ndiyo maana hapa kwetu, bibi harusi akiuliza apande wapi mtambuu wake, hatuanzi na habari za kivuli wala maji. Tunamwambia: tambuu ya uani haina mgeni.