Kuitwa Mlango si Kufunguka

Kuitwa mlango si kufunguka. Methali hiyo mmeisikia leo kwa mwalimu wenu wa kompyuta, sasa mnaniuliza ni wahenga gani walioisema. Hawakuwa wahenga, wanangu. Ni shangazi yenu Tasiana, tena aliisema kwa hasira. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Tasiana alipofuka angali mtoto. Alisoma kwa nukta nundu, akatushinda sote wenye macho, akataka kusomea sheria. Chuo alichokichagua kilikuwa kimeacha fomu za karatasi. Maombi yote yalipitia kwenye tovuti. Hilo halikumtisha. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, naye aliitumia kwa wepesi kuliko mnavyotumia kalamu.

Akajaza kila kitu mwenyewe, mpaka insha ya kueleza kwa nini anataka kuwa wakili. Akafika chini ya ukurasa, penye vitufe vitatu. Programu ikamsomea: "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Mwenye macho aliona picha: bahasha ya kutuma, kabati la kuhifadhi, pipa la taka la kufuta. Tasiana alisikia neno lile lile moja. Akawaandikia chuoni kuuliza, wasimjibu. Akapiga simu, akaambiwa, "Mwombe mtu anayeona akusaidie." Kwani insha ile iliandikwa na mtu anayeona?

Siku ya mwisho ilipofika, akabonyeza kimoja. Kazi yake yote ikafutika. Akaanza upya kwa haraka, lakini hakuwa amefika nusu maombi yalipofungwa.

Tukaenda chuoni. Mkuu wa chuo, Dakta Mapunda, alitukaribisha vizuri, akamwita Gwakisa, mtaalamu aliyeitengeneza tovuti. Gwakisa akaigeuza skrini upande wetu ili tuione, dada naye akiwa hapo.

"Tovuti hii imekaguliwa na kikaguzi, programu ya kutafuta makosa," alisema. "Msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta yanayoiunda, hauna kosa hata moja. Kila kitufe kina jina, kama viwango vinavyotaka."

"Jina gani?" Tasiana akauliza.

"Kitufe."

"Na cha pili?"

"Kitufe," Gwakisa akajibu. Dakta Mapunda akaingilia kati. "Dada yangu, tuelewane. Kikaguzi kimeipitisha. Sisi wajibu wetu tumeutimiza."

Hapo Tasiana akasimama.

"Wajibu kwa nani, Dakta? Kwa kikaguzi? Kikaguzi hakiombi nafasi ya chuo! Kimetazama kama jina lipo, hakikutazama kama jina linasema kitu. Ukiwaandika wanafunzi wako wote kwa jina la 'Mtu', orodha yako haitakuwa na pengo. Lakini siku ya kuita, ataitika nani? Mmeandika neno 'mlango' ukutani, mkaniambia nipite. Kuitwa mlango si kufunguka!"

Gwakisa ndiye aliyesema kwanza, na alisema polepole.

"Ni kweli. Msimbo safi unahitajika, maana ukiwa na makosa hata hiyo programu ya kusoma hujikwaa. Ila mimi nilikomea hapo. Sijawahi kuisikiliza tovuti yangu."

"Basi nipeni nafasi nitume maombi yangu," dada akasema.

Dakta Mapunda akatikisa kichwa. Muda umepita, kanuni ni kanuni.

Vitufe vilirekebishwa wiki ile ile: Tuma, Hifadhi, Futa. Maneno matatu, wanangu! Kwa kukosa maneno matatu mtu aliyefaulu alikaa nyumbani mwaka mzima, na hakuna aliyemwomba radhi. Aliomba tena mwaka uliofuata, akapokelewa, na leo mnamjua ni wakili wa namna gani. Lakini mwaka ule hakuna aliyemrudishia, nami nikiukumbuka damu bado inanichemka.

Gwakisa baadaye alifundisha watengeneza tovuti, akalibeba neno lile kila alikokwenda, hata likawafikia ninyi kwa mwalimu wenu. Kwa hiyo mkitengeneza tovuti, ipitisheni kwa kikaguzi, ondoeni makosa yote. Kisha zimeni skrini, msikilize, mjaribu kutuma. Mkikwama, msije mkanionyesha cheti cha ukaguzi. Nitawajibu kama alivyojibu shangazi yenu: kuitwa mlango si kufunguka.