Chai ya Moshi

Kulikuwa na mama mmoja ambaye chai yake haikuwahi kunyweka. Alipikia kuni mbichi, sufuria haina mfuniko, moshi wote ukaishia kwenye maziwa. Jirani yake alikuja kila Jumapili, akapewa kikombe, akapiga funda moja.

"Tamu hii, dada! Ungefungua hoteli."

Mama akigeuka kuchukua mihogo, jirani anaumwagia mgomba wa mlangoni chai yote. Mama aliona. Siku moja akamwambia, "Shoga, mgomba wangu unakunywa chai kuliko wewe." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wiki iliyofuata jirani akasifu tena, na mama akammiminia tena.

Mnasemaje? Jirani alikuwa mnafiki? Ngojeni kwanza.

Binti wa yule mama akaletewa posa. Kijana alikuwa wa ukoo wa jirani, upande wa wajomba. Mama hakutaka kuwajibu washenga kabla ya kuulizia, kwa hiyo akaenda kwa jirani. Hata kukaa hakukaa.

"Ninaye huyu mmoja tu. Nasikia kijana wenu aliwahi kuishi na mwanamke, akaondoka. Aliondoka kwa nini?"

Jirani alijua. Yule mwanamke alirudi kwao taya limevunjika. Alijua pia kwamba posa ikikubaliwa, yeye ndiye atakayepewa kanga za heshima na wajomba.

"Mvivu yule, dada. Kijana wetu mpole, hata kuku hampigi teke."

Mama akakubali posa.

Baada ya miezi saba binti alirudi kwa miguu, mkono umevimba kama mguu. Jirani akaja kutoa pole, amejifunga zile kanga.

"Ulijua?" mama akamuuliza, huku anamfunga mwanawe mkono.

"Nilijua, dada. Sikutaka kukuvunja moyo. Ilikuwa adabu tu. Mbona chai yako naisifu miaka yote na hujawahi kunikasirikia?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Moshi wa chai tuliujua wote wawili. Hili ulilijua peke yako."

Ndugu zangu, mimi nitaendelea kusema nimeshiba kwenye nyumba yenye sufuria ndogo, na mwenye nyumba ataendelea kunisihi nile. Yeye anajua, nami najua. Hakuna aliyedanganywa hapo. Lakini mtu akituuliza ili aamue jambo, nasi tukamjibu utamu kwa sababu utamu una kanga zake, tusijifiche nyuma ya adabu. Huo ni unafiki, hata tukiusema kwa sauti ya upole.

Je, mwaka huu ni nani aliyetuuliza jambo zito, tukamjibu kama tunaosifu chai? Nyumbani kwake tunakujua. Tukitoka hapa tupitie kwake, kabla hajawajibu washenga.