Manju Luhende na Kilima Kilichochoka Kusifiwa

Hadithi inabisha hodi.
— Ipite, mlango uko wazi.
Imekuja na njaa.
— Ipewe kigoda, chakula baadaye.

Hapo kale, mawe yalipokuwa yakisalimiwa yanajibu, palikuwa na manju mmoja jina lake Luhende. Manju ndiye mtunzi wa nyimbo za ngoma, wa kwanza kuimba na wa mwisho kunyamaza. Luhende alitunga za kilima, akatunga za maporomoko, watu wakacheza mpaka nguo zikawavuka.

Basi palikuwa na desturi: wimbo wa mahali sharti uimbwe kwanza mahali penyewe, ndipo upelekwe kwa watu. Luhende akazeeka, akawa mvivu. Anakaa mlangoni, anatazama kilima kwa mbali, anatunga.

Mwaka huo alipojaribisha wimbo wake mpya, watu walisinzia. Mmoja alisinzia amesimama.

Mtemi akasema, "Luhende, ngoma ya mavuno ni keshokutwa. Ukituletea tena uji uliopoa, nakuvua njuga za umanju, nampa Nkwabi."

Nkwabi, mshindani wake wa siku zote, akaanza kujipima vifundo vya miguu.

Nyumbani mkewe, Nyanzobe, akamwuliza, "Baba Limbu, kilima ulikipanda lini?"

"Kabla sijakuoa."

"Na sasa tuna wajukuu. Nenda."

Akaenda, akaenda, akaenda. Akafika juu anahema kama mbwa, akaimba: "Kilima, mfalme, kichwa chako mawinguni."

Kilima kikasema, "Mfalme gani? Mbuzi wananinyea kisogoni, kunawasha, na mikono ya kujikuna sina. Imba hilo."

Akashuka. Akaenda, akaenda, akaenda. Akayaimbia maporomoko: "Maporomoko, bibi harusi, mwaimba kwa furaha."

Maporomoko yakasema, "We mzee, hatuimbi. Tunaanguka. Tangu babu yako hajazaliwa tunaanguka, tunapiga kelele tuokolewe, nawe umesimama hapo unakenua meno. Imba hilo."

Akageuka kurudi. Akaenda, akaenda, akateleza, akatumbukia kwenye kinamasi mpaka kiunoni.

Kinamasi kikasema, "Karibu. Mimi hujanitungia hata neno."

"Unanuka."

"Nanuka, ndiyo. Ila kila anayeniinamia hujiona. Hebu inama."

Luhende akainama. Akaona tumbo, akaona kidevu, akaona kidevu kingine chini ya kile.

"Ubeti wa tatu ndio huo," kikasema kinamasi.

"Huo siimbi," akasema Luhende, akajichomoa, kiatu kikabaki, akarudi akikilalamikia kinamasi kwa kila aliyemkuta njiani.

Siku ya ngoma ikafika. Luhende akaanza:

*Kilima, ee kilima, mbuzi wamekunyea,*
*kisogo chawasha, mikono huna.*

Watu wakacheka, wakaingia uwanjani. Akaendelea:

*Maporomoko hayaimbi, yanaanguka,*
*yalia yaokolewe, nasi twakenua.*

Vumbi likatimka. Wakaitikia, "Wa tatu! Wa tatu! Wa tatu!"

Luhende akajikuna kidevu. Akakohoa. Akatazama miguu yake. Mtemi akainama azifungue njuga, Nkwabi tayari kaunyoosha mguu.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mstari wa wanawake. Ni Nyanzobe:

*Luhende, ee Luhende, tumbo latangulia,*
*mwenyewe hufika kesho yake.*
*Akikoroma jogoo hunyamaza,*
*hudhani kuna mkubwa wake.*

Loo, uwanja ulichemka. Wazee wakatupa mikongojo. Mtemi akacheka mpaka akakaa chini. Luhende alinuna kidogo, halafu miguu ikamsaliti, akacheza, tumbo likitangulia kama lilivyoimbwa.

Mtemi akamwuliza Nyanzobe, "Nawe kinamasini ulikwenda lini?"

"Cha nini, mtemi? Nimelala naye miaka thelathini."

Mtemi akazivua njuga miguuni kwa Luhende, akamvika Nyanzobe.

"Na mimi?" akauliza Luhende.

"Wewe mbebee mkeo ngoma," akasema mtemi.

Nkwabi akaurudisha mguu wake polepole, kama hakuwa ameunyoosha.

Basi, wajukuu zangu, ukitaka kusifu kitu kisogelee kwanza, kiulize kinawashwa wapi. Na ukishakisema cha mwenzio, kubali na chako kisemwe.

Hadithi yangu imeinuka, inakwenda zake. Aliyeipenda aisindikize, aliyechukia aifungie mlango. Na babu yenu pale aache kunikodolea macho. Mimi sikutaja mkoromo wa mtu.